Hodi ya Tatu

Mama Nebati, anayekaanga vitumbua mkabala na karakana yetu, anasema alimsikia marehemu kwa masikio yake mwenyewe, Jumatatu, saa nne asubuhi. Kwa maelezo yake, nyumba-gari ya rangi ya maziwa ilishuka mteremko wa kanisani taratibu, kiti cha dereva kitupu, usukani ukijizungusha. Hilo halikumshangaza, maana siku hizi nyumba-gari zinazojiendesha ni nyingi kuliko zenye dereva. Kilichomshangaza ni kwamba ilipofika usawa wa jiko lake ilipunguza mwendo, ikawasha taa ya kushoto, halafu sauti ya Mzee Gaudensi Nyagawa, aliyezikwa Alhamisi iliyotangulia, ikamwuliza kama karakana ya Oraph bado ipo palepale. Mama Nebati anasema alijibu, "Ipo baba, kata hapo kwenye matairi," kisha akakumbuka anamjibu nani, upawa ukamtoka mkononi ukazama kwenye mafuta. Anasema gari likampa pole.

Hapo kwenye pole ndipo watu humkatalia. Sauti wanaikubali, pole hawaikubali. Naye kila akikataliwa huongeza kitu, hivi kwamba kufikia Jumatano gari lilikuwa limetoa machozi kwenye kioo cha mbele. Mimi nilikuwepo, nimesimama getini na futi mkononi. Kulikuwa na ukungu, na vioo vyote vya Makambako vilikuwa vinatiririka maji asubuhi ile. Tena gari halikuwa tupu. Mjane wa mzee alikuwa nyuma, amelala kitandani na viatu miguuni.

Lakini kuhusu ile pole simbishii Mama Nebati. Kwa niliyoyasikia baadaye, naona aliisikia kweli.

*

Naitwa Vaileth Mtewele. Nashona na kufunga vitu vya ndani: viti, magodoro, mapazia, makabati yasiyofunguka barabara ikiwa mbaya. Nilimaliza darasa la saba nikaingia kwenye sindano, sijatoka mpaka leo. Fundi Oraph, mwenye karakana, ndiye anayeshughulika na umeme, paneli za juu ya paa, betri za chini ya sakafu, na ile mashine inayoendesha gari na kuitika hodi, ambayo kila nyumba-gari inayo na sisi tunaiita mwenyeji.

Mzee Gaudensi alikuwa ameweka oda miezi miwili kabla hajafa. Alitaka kazi tatu. Kiti cha mezani kiinuliwe, kwa sababu goti la mkewe lilikuwa halikunji vizuri. Makomeo ya makabati yabadilishwe. Na juu, upande wa dirisha, afungiwe kitanda cha mtoto, urefu futi sita. Oraph alimwuliza ni mtoto gani wa futi sita. Mzee akamjibu mtoto ni mtoto, apime mbao.

Mjane aliposhuka Jumatatu ile alituambia tuendelee na kazi kama ilivyoandikwa, kwa kuwa hajui kingine cha kutuambia. Msafara wa kufuata mvua ulikuwa unaondoka Jumamosi kwenda Usangu, na familia isiyokuwa kwenye msafara haipewi kipande cha ardhi cha kupanda. Kwa hiyo tulikuwa na siku tano. Oraph alimpa mjane chumba nyuma ya karakana, lakini kutwa alikuwa anashinda kwenye benchi la Mama Nebati, kanga kichwani, anaangalia vitumbua vikigeuzwa.

Niliingia kazini saa tano. Mlango wa nyumba-gari haufunguki kwa kuvutwa, ni lazima mtu abishe hodi kama kwa watu. Nikasema hodi.

"Karibu," ikaitika sauti ya mzee, na kikohozi kidogo nyuma yake.

Mlango ukafunguka. Nilijua ni mwenyeji. Nimeingia nyumba-gari zaidi ya mia, najua kwamba mwenyeji akikaa na familia mwaka mmoja huichukua sauti ya mkuu wa nyumba, ili hata asipokuwepo, hodi iitikiwe na anayeheshimika. Lakini wenyeji wengine wote niliowazoea walikuwa na sauti za vijana, au za akina mama, au sauti ya kiwandani isiyo na umri. Huyu alikohoa. Mimi nimelelewa na babu. Mzee akikohoa, mdomo wangu haungoji ruhusa ya kichwa.

"Shikamoo," nikasema.

Pakawa kimya. Kimya kirefu kuliko cha mashine inayotafuta jibu, nilikiona hivyo hata wakati ule.

"Marahaba," ikasema. Kisha tena, taratibu zaidi, "Marahaba, mwanangu. Umefika?"

Nikasema nimefika.

"Sauti yako imekuwa nyepesi."

Nilidhani ananitania, kama wazee wanavyotania wasichana. Nikacheka, nikatoa futi, nikaanza kupima dirisha.

*

Siku zile tatu za kwanza sikuona kosa lolote. Nilikuwa nakata sponji, nakaza kitambaa cha rekisini juu ya plaiwudi, napiga stepla. Kila asubuhi nilibisha hodi, nikakaribishwa, nikatoa shikamoo yangu, nikaitwa mwanangu. Kwetu hapa nani haitwi mwanangu? Mama Nebati ananiita hivyo akinipunja kitumbua. Kondakta ananiita hivyo na ni mdogo kwangu.

Ila mimi ni mtu wa kuangalia, na niliona vitu. Nikikaa mahali, sakafu ya pale inapata joto. Maji ya bomba yalikuwa vuguvugu nikinawa mimi, baridi akinawa Oraph. Jumanne mchana niliacha mkasi mezani, nikasikia nikiambiwa niutoe pembeni usije ukaniangukia mguuni, na sikuwa nimevaa viatu, na humo ndani hamna jicho hata moja. Wenyeji wana macho ya kutazama barabara tu, ndani hawana. Watu waliyakataa tangu mwanzo, nani anataka jicho kwenye chumba cha kulala. Wana masikio kwenye dari na mizani chini ya sakafu, basi. Alijua sina viatu kwa jinsi ninavyokanyaga.

Jumatano alasiri nilikuwa juu, nimelala chali kwenye kile kitanda cha futi sita, nakaza skrubu za dari. Sauti ikaja kutoka karibu na sikio langu, chini kidogo kuliko kawaida yake.

"Mwanangu. Nilikusikia siku ile."

Nikaacha kukaza.

"Ulibisha hodi tatu. Nilikuwa humu humu. Nilikusikia ya kwanza, nikakusikia ya pili, na ya tatu nikaisikia. Sikuitika. Nikasikia miguu yako inaondoka kwenye kokoto. Nimekaa na ile miguu miaka saba. Naomba unisamehe."

Nilidhani ni rekodi, kwamba kuna kitu nimekigusa na drili. Nilishuka ngazi, nikakaa kwenye kiti nilichokiinua mwenyewe, sakafu ikapata joto chini ya nyayo zangu. Yeye akanyamaza. Lakini kilikuwa kimya cha mtu aliyeuliza kitu na anangoja.

Nilitoka nje bila kuaga. Hiyo nayo si tabia yangu.

*

Oraph alichomeka kishikwambi chake kwenye mwenyeji Alhamisi asubuhi. Mwenyeji wa Mzee Gaudensi alikuwa chini ya kiti cha mezani, bati la ukubwa wa debe dogo la kilo nne, na waya zinazoelekea kila upande kama mizizi ya kitunguu. Oraph alisoma kwenye kioo, akasoma tena, kisha akacheka mpaka akashika ukuta.

"Hongera," akaniambia. "Umepata baba mwenye betri nne na paneli sita. Sisi wengine tumezaliwa na wakulima."

Akanigeuzia kioo. Palikuwa na mistari mitatu. Baba, amefariki. Mke wa baba. Na chini yao: mtoto wa nyumba, kilo hamsini na mbili, mguu wa kulia unakanyaga zaidi, ameingia Jumatatu.

Nilimwomba anieleze kama mtu asiyejua kitu, akanieleza, na nitaandika nilivyoelewa. Waliotengeneza wenyeji walihangaika jinsi mashine isiyo na macho itakavyojua nani ni nani ndani ya nyumba. Majina hayafai, watu wana majina matatu matatu. Kuuliza hakufai, watu wanadanganya. Mmoja wao akasema, mkalisheni sebuleni mtu asiyeona, asikilize wiki moja watu wakiamkiana, atakupangia ukoo mzima bila kuuliza. Nani anatoa shikamoo na nani anaipokea, hapo hapadanganyiki, kwa sababu hakuna anayekumbuka kudanganya hapo. Ndivyo mwenyeji anavyopanga nyumba. Anayemwamkia mkuu na kuitikiwa marahaba kwa siku tatu mfululizo ndani ya nyumba, ni mtoto.

"Lakini mafundi wote wanaingia humu," nikasema.

"Mafundi wanasema habari za kazi," akajibu Oraph. "Nani anatoa shikamoo kwa bati?"

Kisha akaacha kucheka, kwa kuwa alikuwa ameteremka kwenye kioo mpaka chini, kwenye maagizo. Kulikuwa na agizo moja la mzee, la miaka mingi: *mtoto akija ataniamkia, apokewe.* Jina la mtoto halikuwepo. Mzee Gaudensi alikuwa hajalitaja jina hilo ndani ya gari miaka saba. Mkewe, ambaye zamani alimwita Mama Lute, akawa anamwita mwenzangu.

Nikamwambia Oraph tuifute ile mistari, tumwambie mwenyeji amekosea. Akatikisa kichwa. Mwenyeji akithibitishiwa na mtu wa nyumba kwamba kuna aliyeingia kwa uongo, anachukulia nyumba imevamiwa. Anafunga milango, magurudumu na umeme, na anasahau kila kitu, ili mwizi asipate hata siri. Kumfungua ni mpaka watu wa kiwandani waje, na wao huja baada ya miezi.

"Sikudanganya," nikasema. "Niliamkia."

"Najua. Ila yeye hana neno la kitu hicho," akasema Oraph. "Ana mtoto, na ana mwizi."

*

Mtoto mwenyewe alifika Alhamisi hiyo hiyo baada ya saa sita. Lutengano Nyagawa, miaka kama arobaini, mwembamba, futi sita kamili. Niliupima urefu wake kwa macho, na nikakiona kile kitanda kichwani mwangu. Alitoka Mafinga, ambako yeye na mkewe na watoto watatu walikuwa wamepanga vyumba viwili kwenye nyumba ambayo kisima chake kilikauka tangu mwaka juzi. Alikuwa amekuja kumchukua mama yake na nyumba-gari, aweke familia yake yote humo, waingie msafara wa Jumamosi.

Aliongea na Oraph ameligeuzia gari mgongo. Alichotaka kilikuwa kidogo na kilikuwa haki yake: mwenyeji afutwe, awekwe mpya mwenye sauti ya kiwandani. Alisema hatawalaza wanawe ndani ya kitu kinachokohoa kama babu yao. Alisema pia matanga ya baba yake hayawezi kuanuliwa wakati marehemu bado anaitikia hodi. Watu wa ukoo walishaulizana kijijini kama wanyoe nywele au wangoje, na hakuna aliyekuwa na jibu.

Kumfuta mwenyeji ambaye mkuu wake amefariki kunahitaji sauti mbili ndani ya nyumba, ya mke na ya mtoto, na maneno yamepangwa. Mjane alikuwa ameshasema yake Jumanne, kumbe. Aliingia wakati nimekwenda kula, akasema, "Mwenzangu, pumzika," akatoka, na tangu hapo hakuingia tena. Ilikuwa imebaki sauti ya mtoto. Baba, pumzika.

Oraph alipomweleza ni nani mwenye sauti hiyo kwa sasa, Lutengano aligeuka akanitazama. Nilitegemea hasira. Alionekana tu amechoka.

"Miaka saba sijamwamkia baba yangu," akasema, "na wewe umemwamkia ukiwa na futi."

Nikasema, "Nisamehe, kaka. Ni mazoea."

"Si kosa lako dada. Ingia useme hayo maneno mawili, tumalize."

Nilimwuliza kwa nini yeye asiingie, aamkie kama mtoto wa pili, labda mwenyeji atampokea. Akajibu hataomba nafasi ya pili kwa bati, kwenye nyumba ya baba yake, nyuma ya fundi wa magodoro. Nikaona ana haki ya kusema hivyo, ingawa neno hilo liliniuma.

Nikaomba anipe mpaka kesho. Nilisema kuna skrubu hazijakazwa. Zilikuwa zimekazwa zote.

*

Jioni ile, jua bado lipo, nilikwenda kukaa na mjane kwenye benchi la Mama Nebati. Nilimsimulia niliyoambiwa juu ya hodi tatu. Hakushtuka. Alisema siku ile na yeye alikuwa ndani, anakata mboga. Kijana alikuwa ameuza kiwanja cha familia bila kuuliza, akaondoka na pesa alizopata, zikamwishia, akarudi. Alibisha hodi. Mumewe alikuwa mezani, akainua kidole kumzuia asiitike. Na mwenyeji, ambaye kazi yake ni kuitika, aliambiwa anyamaze.

"Kwa hiyo ni kweli mzee alijuta," nikasema.

Mjane alikuwa anatazama vitumbua. "Gaudensi hakuwahi kusema samahani, mwanangu. Si kwangu, si kwa ng'ombe. Tangu tumzike, hiyo sauti ikawa inaniuliza kila asubuhi kama goti limelala vizuri. Nimeishi naye miaka arobaini na mbili hajui goti lipi." Aliifunga kanga yake upya. "Sasa mimi namlilia yupi? Yule niliyezika au huyu mpole? Ndiyo maana nilimwambia apumzike. Nilianza kumpenda huyu zaidi, nikaona aibu."

Mama Nebati, aliyekuwa anajifanya hasikii, akasema, "Nilishawaambia lilinipa pole, mkanicheka."

Nilirudi karakana, nikamwuliza Oraph swali ambalo lilikuwa linanikwaruza. Yale maneno aliyoniambia, yalikuwa ya nani? Mzee aliagiza yasemwe? Oraph alitafuta kwenye kishikwambi mpaka kioo kikaanza kupungua mwanga. Agizo la kuomba radhi halikuwepo. Inawezekana mzee alikuwa anayasema peke yake akiwa barabarani, mwenyeji akayashika. Inawezekana vilevile hakuyasema kabisa.

"Siku ile walionyamaza walikuwa watatu," akasema Oraph. "Mzee, mke, na hili debe. Aliyesema nilisikia, sikuitika, anaweza kuwa yeyote."

Nikasema debe haliwezi kujuta.

Oraph akasema yeye anajua waya tu.

Niliingia garini. Hodi, karibu, shikamoo, marahaba. Nilikuwa nimeshajua kila shikamoo inanizamisha zaidi, na bado ilinitoka. Nikamwomba arudie aliyoniambia jana. Nilitaka niyashike neno kwa neno, nimpelekee mwenyewe.

"Nilishasema, mwanangu. Wewe ndiye hujanijibu. Umenisamehe?"

Maji ya bomba yalikuwa yanadondoka, tone moja moja. Ningesema ndiyo, ningekuwa nimesamehe kitu ambacho sikutendewa, na mwenye kutendewa amelala nyumba ya wageni mtaa wa pili. Ningesema hapana, je. Ningesema mimi siye, kesho watoto watatu hawana gari wala maji. Nikasema nimesahau uzi, nikatoka.

*

Ijumaa saa tatu Lutengano alikuja na begi lake. Nilikuwa nimelala kidogo, nikaamua jambo moja tu, kwamba sitasema baba pumzika kabla mwenye baba hajajua anachofuta. Nilimkuta amesimama kwenye kokoto nje ya mlango. Gari likiwa limeegeshwa, mwenyeji hasikii maongezi ya nje, amefungwa hivyo makusudi. Anachosikia kutoka nje ni hodi na nyayo za mlangoni tu. Kwa hiyo nilimweleza pale pale. Nilimweleza hodi tatu, na kidole cha baba yake, na miguu kwenye kokoto, na miaka saba. Nilimweleza pia aliyosema Oraph, kwamba huenda si baba yake aliyeomba radhi. Sikutaka kumpa kitu kizuri halafu kije kugeuka.

Alisikiliza anatazama viatu vyake. Mama Nebati aliacha kugeuza. Mjane alisimama kutoka kwenye benchi, akashika nguzo.

"Alisikia," Lutengano akasema hatimaye. Hakuwa ananiuliza.

"Mmoja wao alisikia, kaka."

"Mimi nilidhani hawapo." Akafuta uso kwa kiganja. "Nilijiambia hivyo mpaka Mafinga. Nikasema wametoka, wamekwenda kanisani. Ilikuwa Jumanne."

Kisha akaniambia niingie ndani, nifunge mlango.

Nikamwuliza nikishafunga nifanye nini. Akasema nifunge tu.

Nilibisha, nikaingia, mlango ukajifunga nyuma yangu. Harufu ya gundi yangu ilikuwa bado mbichi. Shuka la kitanda cha juu nilikuwa nimelitandika mwenyewe, kona nne, bila kujua namtandikia nani. Nilikaa kwenye kiti cha mjane. Joto likaja chini ya nyayo.

"Umerudi na jibu?" ikaniuliza sauti.

Kabla sijafungua mdomo, tukasikia kutoka nje, karibu kabisa na bati la mlango.

"Hodi."

Mwenyeji hakuitika. Kila hodi niliyoisikia maishani mwangu kwenye nyumba-gari iliitikiwa kabla haijaisha, ndiyo kazi ya mwenyeji. Huyu alinyamaza. Taa ya juu ya meza ikapungua, ikarudi.

"Mwanangu," akasema, na hakukohoa. "Sauti hii ninaijua."

Nikaangalia bati chini ya kiti, kana kwamba lina uso. Nilijaribu kupanga. Nikimwambia ni mgeni, mwitikie, mtu yule atakaribishwa kama mgeni na sauti ya baba yake mwenyewe. Nikimwambia ni mtoto wako, ataniuliza mimi ni nani, na jibu langu litamfanya afunge kila kitu humu na kukisahau, pamoja na ile miguu kwenye kokoto. Nikisema baba pumzika, atanyamaza, na mtu wa nje atabisha mpaka achoke, kama siku ile. Nilirudi mwanzo, nikapanga tena, ikatoka vilevile. Labda msomi angeona njia ya nne.

"Hodi," ikaja ya pili. Ilikuwa ya chini zaidi kuliko ya kwanza.

Kupitia pazia nililolishona mwenyewe niliona kivuli chake, kirefu, kimeinama kidogo, mkono umeinuliwa lakini haugusi mlango. Nyuma yake, mbali, kanga ya mama yake. Kwetu mtu habishi mara ya nne. Ya tatu isipoitikiwa, anageuka.

"Niambie nielewe," ikasema sauti, polepole, kama mtu anayehesabu watu wake baada ya safari na idadi haikai sawa. "Kama wewe uko humu ndani, nani anabisha huko nje? Nimwitikie?"

Mkono wangu ulikuwa juu ya meza. Nikauweka magotini. Mdomo ulikuwa wazi. Mdomo ule ule uliotoa shikamoo bila kuulizwa sasa ulikuwa unangoja kichwa, na kichwa hakikuwa na kitu.

Nje, kokoto zililia kidogo, kama mtu anayehamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

"Hodi," akasema Lutengano.